Jembe la Mahari Ukutani Siku ya Krismasi

Kuipamba sebule ya wazazi wangu Krismasi ile kulitugharimu suruali moja nyeupe ya mkwe, viatu vyangu vya kisigino nilivyovivaa kwa saa nne tu, mtungi mmoja wa rwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, na mche wa mgomba ambao Mama alikuwa ameuahidi kwa jirani. Hivyo ni vitu vinne. Cha tano kilikuwa ndoa ya dada yangu Skolastika. Hicho kilikuwa kimeshafika mlangoni kinatoka, na kilisimama pale kwa muda ambao mwingine angeuita mfupi. Mimi niliuhesabu, na haukuwa mfupi.

Siku yenyewe, mwanangu, naikumbuka kuanzia miguuni, kwa sababu ya vile viatu.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati Kibondo na Kasulu zilipojaa magari ya wageni waliokuja kwa kazi za wakimbizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, nanunua vikapu na nyungo kwetu Makere na kwenda kuviuza Kibondo. Bei niliyonunulia niliijua mimi na Mungu tu. Siku moja nilimpelekea mama mmoja wa kigeni vikapu sita, akanikaribisha ndani. Nilipoinua macho, nikaona ametundika ungo ukutani. Ungo! Pembeni yake kibuyu, mwiko, na mundu uliokatika ncha. Vitu ambavyo kwetu vinakaa nyuma ya mlango wa jikoni, pale vilikuwa vinatazamwa na watu waliokaa kwenye viti, wanakunywa chai. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka, kwamba vitu vya wazee vinaipa nyumba heshima.

Nikatoka pale nimeuza vikapu sita na nimebeba wazo moja la bure. Vikapu vilinipa faida. Lile la bure ndilo lililonitia hasara.

Nyumbani wakati huo hakukuwa shwari. Skola, dada yangu mkubwa, alikuwa ameolewa Titye na kijana anayeitwa Gervasi. Walikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka miwili. Sasa Gervasi alikuwa ameonja biashara ya Kibondo. Alikuwa anakaa huko wiki tatu, wiki nne, na Skola analima peke yake mtoto akiwa mgongoni. Kisha bwana akirudi anafungua ghala, anapakia maharage ambayo hakuyapalilia, anaondoka nayo bila kusema hata "mama Neema, naomba." Mara ya tatu Skola hakugombana. Alimfunga mtoto mgongoni, akatembea hadi Makere, akaingia jikoni kwa Mama na kuanza kumenya ndizi kama mtu aliyetumwa.

Alikuwa amemenya ndizi wiki tatu. Usiku anageuka kitandani, mchana anafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Baba hakaripii, hakohoi, anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Kisha ikaja habari kutoka Titye: Mzee Bukuru, baba yake Gervasi, atakuja na mkewe na mwanawe siku ya Krismasi, tule pamoja, halafu wazee waongee. Kila mtu alielewa wanakuja kumchukua Skola. Hakuna aliyejua kama atakwenda. Mimi, mwanangu, kwenye habari yote hiyo nilisikia neno moja tu: wageni.

Sebule yetu ilikuwa na viti vinne vya mbao, meza moja, redio, na kalenda ya miaka miwili nyuma. Mke wa mganga wa zahanati, mtu wa Moshi, alikuwa ameshatundika karatasi za chooni za rangi ya waridi, amezisokota kutoka kona hadi kona, na mapulizo kumi na mbili. Nilikwenda kuyahesabu kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Nikaona siwezi kumshinda kwa mapulizo. Nitamshinda kwa heshima.

Nikamwendea Mama, tukapatana kitu kimoja kimoja kama watu wa sokoni.

"Mama, naomba kile kibuyu cha bibi cha kusukia maziwa."

"Cha nini? Ng'ombe unao?"

"Nakitundika tu."

"Kitundike, lakini ukikitoboa msumari nitakutoboa wewe."

Hivyo nikapata kibuyu. Nikapata mkuki wa babu, kigoda chake, kikapu chenye mfuniko alichokuja nacho Mama siku ya harusi yake, shanga za bibi, chungu cha mdomo mwembamba, mkeka, na kengele ya ng'ombe ambaye alikufa kabla sijazaliwa na bado anasifiwa. Vitu vinane. Kila kimoja niliapa kukirudisha mahali pake.

Lakini ukuta ulio mkabala na mlango ulibaki wazi, na ukuta ule ndio anaouona mgeni kwanza. Nilihamisha mkuki, haukukaa. Nilihamisha mkeka, ukafanana na mkeka ulioanikwa. Nilizunguka sebule ile hadi Skola akaniita kutoka jikoni, "Yusta, tulia, unanitia kizunguzungu mimi niliyeko nje." Na mimi nilijua kabisa kitu gani kinafaa pale.

Chumbani kwa wazazi, nyuma ya lindo la nafaka, lile pipa la magome, kulikuwa na jembe la zamani, limefungwa kwenye gunia. Lilikuja na mahari ya Skola. Ukoo wa Mzee Bukuru ulivuka kutoka Burundi kwa miguu, yeye akiwa kijana, na babu yake Gervasi alivuka na jembe lile begani baada ya kuacha kila kitu kingine. Mahari yao ilikuwa mbuzi, vitenge viwili na jembe hilo, na Baba alipolipokea alivua kofia. Yote hayo niliyajua. Ndiyo maana nililitaka. Ule mundu wa yule mama wa kigeni haukuwa na habari kama hii.

Sikuliomba. Baba alikuwa amekwenda Rungwe Mpya kutafuta mbuzi, angerudi asubuhi ya Krismasi na kupitiliza kanisani. Mama angesema hapana, na mimi sikupenda kuuliza bei ambayo najua sitaiweza. Asubuhi yenyewe, walipokwisha kwenda ibadani, nikaingia chumbani, nikalifungua gunia, nikalisugua jembe kwa mchanga na kulipaka mawese hadi likang'aa wekundu. Halikuwa na mpini. Nikalifunga kamba, nikalitundika katikati ya ule ukuta, shanga za bibi zikilizunguka. Nikarudi nyuma, nikahesabu vitu vyangu. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa.

Nikavaa viatu.

Wageni walifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, kabla watu wetu hawajatoka kanisani. Mzee Bukuru mbele na koti lake, mkewe nyuma yake na kikapu kichwani, Gervasi akisukuma baiskeli, suruali nyeupe kama ya daktari. Skola aliwaona kutoka jikoni akaendelea kupuliza moto. Nikawapokea mimi.

"Mwakeye!"

"Mwakeye, mwanangu. Wazazi wapo?"

"Wako njiani wanarudi. Karibuni ndani, karibuni."

Wakaingia na kukaa. Nikaweka mtungi wa rwarwa kati yao na kungojea sifa. Mama Gervasi alitazama karatasi za juu, nami nilikuwa nimeweka za kwangu pia, na mapulizo machache, ili mke wa mganga asiseme. Akatazama kibuyu, akatabasamu. Kisha nikaona tabasamu linaondoka usoni mwake kidogo kidogo, kama mtu anayekunja mkeka. Alikuwa ametazama ukuta wa mkabala. Akamgusa mumewe goti.

Mzee Bukuru aliliangalia lile jembe muda mrefu. Mimi nikajua nimeuza.

"Ni lile letu?" akauliza.

"Lenyewe, mzee. Nimelisafisha mwenyewe."

"Umelisafisha. Baba yako anajua kwamba limetoka?"

Hapa, mwanangu, ndipo kosa lilipo. La kulitundika lilikuwa kosa la ujinga, na mjinga hufundishwa. Lakini mchuuzi akiulizwa kama mali ina mwenyewe, hajibu "sijui." Nikasema, "Anajua. Nyumba nzima tumekubaliana."

Na kwa kuwa aliendelea kutazama, na kwetu sokoni mtu akitazama sana unamwekea mali mkononi, nikaongeza, "Mzee, lichukue tu. Lichukue uliangalie vizuri."

Aliinuka kwa kasi hadi goti lake likaupiga mtungi, rwarwa ikatapakaa sakafuni hadi kwenye viatu vyangu. Hakuna aliyeitazama. Mama Gervasi alikuwa ameshika kanga mdomoni. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Gervasi. Lishushe, twende."

Gervasi hakusogea. "Baba, ngoja. Ngoja kwanza."

"Tungoje nini? Wametusafishia hadi kutu. Lishushe!"

Mimi nilikuwa bado nimeshika bilauri, nikitafuta akilini ni wapi biashara imeharibika, Gervasi akanyoosha mkono taratibu, kama mtu anayetaka kushika kitu cha moto. Wakati huohuo mlango ukazibwa na Shangazi Leokadia, dada yake Baba, akitoka kanisani. Kwetu mambo ya ndoa ya binti ni ya shangazi, na huyu alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe bondeni.

"Asiliguse mtu!"

Mkono wa Gervasi ukabaki hewani. Nyuma ya Shangazi walikuwa Baba na Mama. Baba alipoliona lile jembe akashika mwimo wa mlango.

"Nani kalitoa?" akauliza Shangazi.

Nikatazama viatu vyangu. Akanigeukia, akaongea polepole kama anavyosemeshwa mtoto mgonjwa. "Jembe la mahari linakaa chumbani kwa wazazi wa binti, gizani, hadi wafe. Likitoka bila mpini na kuonyeshwa kwa waliolileta, binti karudishwa. Wao wakilishika, ndoa imekwisha. Hakuna baraza, hakuna padri, hakuna la kuongea. Wewe ulifikiri linafichwa kule kwa sababu ni baya?"

"Mimi sijatoa jembe," Baba akasema.

"Mtoto wako kasema nyumba nzima mmekubaliana," Mzee Bukuru akamjibu. "Kaniambia nilichukue. Mara mbili kaniambia."

Wote wakanitazama. Niliyahesabu yale macho, sikuwa na mahali pengine pa kujificha. Kumi na mawili. Nikarudia kuhesabu, yakawa kumi na manne, kwa sababu Skola alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono yake ina utomvu wa ndizi, Neema kaficha uso kwenye sketi yake.

"Nimedanganya," nikasema. "Baba hajui. Mama hajui. Nilitaka sebule ipendeze."

Gervasi akashusha pumzi. Lakini Mzee Bukuru alitikisa kichwa. "Nimekusikia, binti. Nami sina hasira na mtoto. Ila jembe limetoka, na sisi tumeliona. Haliwezi kurudi chumbani hivihivi kama paka aliyekosea mlango."

"Kweli," Shangazi akasema, na mimi nilitamani asikubali. "Jembe likishatoka lina njia mbili. Linarudi kwa mwenyewe, au linakwenda kulima." Akageuka. "Skola. Hili ni lako. Linarudi, au linalima?"

Mwanangu, nimepatana na watu wagumu. Nimepatana na madereva wa malori, na askari wa kizuizi, na mama mmoja wa Kibondo aliyenirudishia kikapu baada ya miezi mitano akidai kimepauka. Sijawahi kungojea jibu kama nilivyolingojea lile. Dada yangu alilitazama jembe, na mimi nikaona, kwa macho haya, kwamba hajui. Angeweza kusema lirudi. Mdomo wake ulikuwa unakwenda huku na huku. Pulizo moja likapasuka kwa joto la bati, Neema akalia, wala mama yake hakumwinamia.

"Wiki tatu niko hapa," akasema mwishowe. "Baba aliniuliza nimekosa nini. Mama akaniuliza nitarudi lini. Wewe Yusta uliniuliza kama nina kitambaa cheupe cha kufunika redio. Shangazi ndiye wa kwanza kuniuliza ninataka nini."

Baba aliangalia chini. Mama naye.

"Linalima," Skola akasema. "Lakini mpini atautia Gervasi. Na atakayelima ni Gervasi, hapahapa, baba yake akiona. Tangu anioe sijamwona ameshika jembe la kwao wala la kwetu. Na maharage yangu yasitoke ghalani kabla sijafungua mdomo."

"Kwa suruali hii?" Gervasi akauliza.

"Unayo nyingine?" akasema Shangazi.

"Sina."

"Basi kwa hiyo."

Tulimtazama Mzee Bukuru. Alikuwa mtu wa kiburi, na mwanawe alikuwa anaagizwa mbele ya watu. Akajipapasa mifukoni kama anayetafuta kitu, akakikosa. "Mpini uko wapi?" akasema.

Mama alichomoa mpini wa jembe lake mwenyewe. Gervasi alilishusha lile jembe, na safari hii hakuna aliyemzuia, akaligonga kwenye mpini mara tatu pale pale sebuleni, chini ya karatasi za rangi ya waridi. Halafu tukatoka wote nje. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mimi niliagizwa kuleta mche wa mgomba kutoka bondeni, kwa viatu vile. Cha kushoto kilibaki kwenye tope, na kwa ninavyojua kiko huko hadi leo. Cha kulia nilikivua kwa hiari.

Gervasi alichimba. Alipofika gotini akanyoosha mgongo.

"Hilo shimo la kitunguu," baba yake akasema. "Ongeza."

Akaongeza. Skola ndiye aliyeushika mche nao wakaufukia pamoja bila kutazamana, kama watu wawili waliokutana kisimani. Wote wawili matope hadi kwenye viwiko.

Tulikula nje, kwenye mikeka. Sebule yangu hakuingia mtu tena. Nilisikia mapulizo yakipasuka moja moja humo ndani, nikayahesabu hadi yakaisha. Skola hakuondoka siku ile. Alisema anataka aone mgomba umeshika, na ulishika, na Gervasi alimfuata baada ya mwaka mpya, akiwa na kikapu chake mwenyewe na bila haraka ya kwenda Kibondo.

Jioni, nilipokuwa nashusha vitu, Shangazi alisimama nyuma yangu.

"Ulivihesabu?"

"Tisa, Shangazi. Mara mbili."

"Uliomba vingapi?"

"Vinane."

"Na hujaona tofauti," akasema, akaenda zake. Angenichapa ningesahau.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Skola kama siku ile alikuwa ameshaamua. Akaniambia hakujua atasema nini hadi alipofungua mdomo. Neno hilo bado linanikosesha raha. Ningependa aniambie alikuwa na hakika.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia, wewe unayejenga nyumba yako ya kwanza na kutaka vitu vya bibi na babu viipambe sikukuu. Pamba navyo. Sikukatazi, kibuyu cha bibi yangu kilipendeza na hakuna aliyekufa. Lakini kabla hujakigusa kitu cha kale, kaa chini na wenye nacho na uulize: kililetwa na nani, kilikuja kwa ajili ya nini, na kikitoka mahali pake watu wataelewa nini. Usiulize upande mmoja ukaridhika. Kama kitu hicho kimefungwa kwenye maisha ya mtu aliye hai, anza na huyo, hata kama yuko jikoni kimya na hakuonyesha kutaka kuulizwa. Na ukiulizwa wewe, ukawa hujui, sema hujui. Ningesema neno hilo moja, viatu vyangu vingefika Pasaka.

Mungu akujalie nyumba ambayo mgeni akiingia hatamani kuinuka. Wazee wako wakuache ukiwa umeshawauliza yote, na watoto wako wakuulize ungali na meno ya kuwajibu.

Nami nina la kukuomba. Baba na Mama wamekwenda, na Shangazi naye. Jembe liko kwangu, nyuma ya kitanda, kwenye gunia. Neema, yule aliyelia pulizo lilipopasuka, sasa ana nyumba Kasulu mjini yenye sebule kubwa kuliko nyumba yetu nzima. Amenipigia simu mara tatu. "Mama mdogo, naomba lile jembe la babu, nilitundike Krismasi hii. Mimi ni damu ya pande zote mbili." Nilimuuliza Skola, akacheka akasema muulize Gervasi. Nilimuuliza Gervasi, akasema yeye lile jembe analiogopa, nimuulize Skola. Niliuliza wazee waliobaki Titye, mmoja akasema mtoto ni wa waliotoa na ni wa waliopokea, kwa hiyo likienda kwake halijarudi wala halijabaki. Mwingine akasema nisithubutu.

Ule mpini wa Mama uliliwa na mchwa. Nimechonga mwingine, uko nyuma ya mlango, sijautia. Krismasi imebaki wiki mbili, nimehesabu. Nishauri, mwanangu: nimpe, au nisimpe? Na nikimpa, nimpe likiwa na mpini, au bila?